Kulanti inapungua na chini hakuna tone? Anza hivi

Kama gari lako la zamani linakunywa kulanti, yaani maji ya kupozea injini, polepole na sakafu ni kavu, usikimbilie kubadilisha rejeta. Uvujaji mdogo hutokea injini ikiwa ya moto, matone yakakauka palepale kabla hayajafika chini. Ukiwa unajaza maji ya bomba ndiyo kabisa, hayaachi rangi. Weka kulanti yenye rangi, chora mstari kwa maka kwenye tanki la akiba injini ikiwa imepoa, kisha endesha wiki nzima.

Baada ya hapo chukua tochi asubuhi, injini ikiwa baridi. Unatafuta ukoko: unga mweupe au wa kijani uliokauka kwenye midomo ya hozi, chini ya klipu na kwenye maungio ya rejeta. Mimi naanzia pampu ya maji. Chini ya shafti yake kuna kitundu kidogo. Ukiona michirizi imeshuka kutoka pale, sili, yaani kizibo kinachozuia maji kwenye shafti, imechoka. Pitisha kidole, hata unyevu kidogo ni jibu.

Mfuniko wa rejeta nao husahaulika sana. Raba yake ikipasuka haushiki presha, maji yanatoka kidogo kidogo. Bei yake ni ndogo, ubadilishe mapema. Ila usiufungue injini ikiwa ya moto, tafadhali, maji yale yanaunguza vibaya.

Kapeti la mbele likiwa na unyevu wenye harufu tamu, kagua hita ya kupasha joto ndani ya gari, maana kulanti hupita humo. Nje kote kukiwa kavu, mwambie fundi apime gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, huenda kulanti inavujia ndani.