Somo: Kuandika kwa usahihi cheo cha mtoto wa mfalme wa Polandi

Somo hili ni la watafsiri, waandishi wa makala za historia na wanaochora miti ya nasaba kwa Kiswahili. Kuna kosa moja linalojirudia mno: mtu anakutana na jina la mtoto wa mfalme wa Polandi, anaandika "mrithi wa ufalme" au "Prinsi wa Polandi", kisha anaendelea na safari. Hapo ameandika jambo ambalo makabaila wa Polandi, waliokuwa wakimchagua mfalme wao, walilipinga kwa nguvu zao zote. Cheo cha Kipolandi kinataja mtoto ni wa nani. Atarithi nini, hakisemi.

Kabla ya kuanza, uwe na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, tarehe ya baba kuchaguliwa na ya kutawazwa, jina la ukoo uliokuwa ukitawala, na kibodi inayotoa herufi ó, ł na ę.

HATUA YA 1: Livunje neno

Mtoto wa kiume wa mfalme ni królewicz, wa kike ni królewna. Król ni mfalme. Neno hilo limetokana na jina la Karolo Mkuu, yule kaisari wa Wafaranki. Kipande -ewicz maana yake "mwana wa", na -ewna ni "binti wa". Ó husomwa u, w husomwa v, cz husomwa ch: krulevich, krulevna. Mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo kwetu, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hatajikwaa.

Hapa tusikimbie, maana ndipo kila kitu kilipofungwa. Kipolandi cha zamani kilikuwa na majina ya namna hii kwa watoto wa wenye vyeo karibu wote. Mtoto wa gavana wa jimbo, yaani wojewoda, aliitwa wojewodzic, na dada yake wojewodzianka. Mtoto wa starosta, msimamizi wa mali za mfalme, aliitwa starościc. Hakuna aliyedhani kwamba wojewodzic atakuwa gavana baba akifa, kwa sababu ugavana ulitolewa na mfalme. Królewicz ni neno la ukoo huohuo.

HATUA YA 2: Pima tarehe

Uliza kwanza: mtoto alipozaliwa, baba alikuwa nani? Kama baba alikuwa książę, mtawala wa jimbo bila taji, mwana naye ni książę na binti ni księżniczka. Hao ndio wengi wa ukoo wa Piast, ukoo wa kwanza kutawala Polandi, baada ya Bolesław III kufa mwaka 1138 na nchi kugawanywa kati ya wanawe. Usimwite księżniczka kwa jina la królewna. La kwanza ni binti wa książę, la pili ni binti wa mfalme. Księżna ni mtu mwingine tena, mke wa książę.

Kama baba alikuwa mfalme, andika królewicz au królewna, kisha uliza lini cheo kilikoma. Mtu hufa, huolewa, au huchaguliwa kuwa mfalme. Mfano wa Zygmunt August ni mzuri kwa mazoezi. Alizaliwa 1 Agosti 1520, akiwa królewicz. Mwaka 1529 akafanywa Mtawala Mkuu wa Lithuania na pia akachaguliwa mfalme wa Polandi wakati baba yake yu hai. Tarehe 20 Februari 1530 akatawazwa, hajatimiza miaka kumi. Kuanzia hapo si królewicz tena. Ni król młodszy, mfalme mdogo, na baba yake ndiyo maana anajulikana hadi leo kama Zygmunt Mzee. Makala ikimwita "mwanamfalme Zygmunt August" mwaka 1540 imekosea kwa miaka kumi.

Tofauti yake ni Kazimierz, mwana wa mfalme Kazimierz IV. Alifariki mwaka 1484 bila kupata taji, akatangazwa mtakatifu, na mpaka sasa kuna parokia nchini Polandi zinazoitwa kwa jina la Mtakatifu Kazimierz Królewicz. Kwake cheo hakikukoma.

HATUA YA 3: Ongeza nchi

Sifa hufuata jinsia: królewicz polski, królewna polska. Kwa ukoo wa Waza, uliotoka Uswidi, ongeza nchi hiyo: królewicz polski i szwedzki, królewna polska i szwedzka. Usiifute Uswidi kwa hoja kwamba Zygmunt III, mfalme wa kwanza wa Waza nchini Polandi, aliondolewa kwenye kiti cha huko mwaka 1599. Ukoo haukukubali kuondolewa huko, na dai hilo lilifikia mwisho kwenye mkataba wa Oliwa wa mwaka 1660.

Chukua Władysław, mwana mkubwa wa Zygmunt III, aliyezaliwa 9 Juni 1595. Mpaka mwaka 1610 ni królewicz polski i szwedzki. Mwaka huo mabwana wa Moscow walimchagua kuwa tsar, ingawa hakuwahi kutawazwa, na tangu hapo anaongeza "Mtawala Mkuu mteule wa Moscow". Novemba 1632 alichaguliwa mfalme wa Polandi, Februari 1633 akatawazwa, na dai la Moscow akaliacha mwaka 1634. Kwenye mti wa nasaba mpe mistari minne yenye miaka yake. Ukibana yote kwenye mstari mmoja, msomaji atadhani alikuwa na vyeo vyote kwa pamoja.

Watoto wa August III, wa ukoo wa Saksonia, hukutwa zaidi kwenye hati za Kijerumani kama "Königlicher Prinz in Polen und Litauen, Herzog zu Sachsen". Hapo Lithuania inatajwa waziwazi, na sehemu ya Saksonia ni ya kurithi kweli. Tafsiri: mwanamfalme wa Polandi na Lithuania, dyuki wa Saksonia.

HATUA YA 4: Ondoa neno "mrithi"

Mwaka 1573, baada ya ukoo wa Jagiellon, uliokuwa ukitawala, kukosa mwana, makabaila waliandika masharti ambayo kila mfalme aliyechaguliwa alipaswa kuyakubali. Huitwa Vifungu vya Henryk, kwa jina la Henri wa Valois, wa kwanza kuwekewa. Mfalme alikatazwa kujiita mrithi wa nchi, na uchaguzi wa mfalme mwingine ulikatazwa akiwa bado hai. Basi ikiwa baba mwenyewe hakuruhusiwa kujiita mrithi, mtoto ataitwaje hivyo? Kati ya 1573 na 1791 neno hilo lisionekane mbele ya jina la królewicz yeyote, isipokuwa unazungumzia Uswidi au Saksonia.

HATUA YA 5: Soma hati bila kudanganywa na viambishi

Kipolandi hubadilisha mwisho wa jina kulingana na kazi yake kwenye sentensi. Ukikuta królewicza Jakuba, królewiczowi Jakubowi au królewiczem Jakubem, mtu ni yuleyule: królewicz Jakub. Kwa binti utaona królewny, królewnie, królewnę, królewną. Rudisha kwenye umbo la msingi kabla ya kunakili. Kuna miti ya nasaba yenye ndugu watatu ambao kwa kweli ni mtu mmoja aliyenakiliwa kwa viambishi vitatu.

Kilatini kina mtego wake. Wana wa Waza huandikwa Princeps Poloniae et Sueciae. Anayejua kwamba princeps hutafsiriwa książę ataandika "mtawala wa Polandi", na atakuwa amempa kijana nchi ambayo hana. Hapa princeps anasimama badala ya królewicz.

Kwa Kiswahili, jina liingie ngeli ya watu: królewicz alizaliwa, królewicze walizaliwa. Usiongeze ma- mbele. Kwenye kibodi ya Kipolandi, shika Alt ya kulia ubonyeze o, l au e upate ó, ł na ę. Kwenye simu, shikilia herufi mpaka kisanduku kitokee. "Krolewicz" bila alama ni kosa la tahajia, tena huharibu utafutaji kwenye kanzidata za nyaraka.

HATUA YA 6: Wake na wajukuu

Mke wa królewicz ni królewiczowa. Binti wa królewicz ni królewiczówna, na hili ndilo neno linalosahaulika kuliko yote. Maria Klementyna Sobieska, aliyeolewa na James Stuart, mdai wa kiti cha Uingereza, mwaka 1719, alikuwa mjukuu wa mfalme Jan III kwa mwanawe Jakub. Ni królewiczówna. Ukimwita królewna umemfanya binti wa babu yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusiandike tu "mwanamfalme" na kuacha haya maneno magumu?

Jibu: Marahaba. Andika, ni tafsiri nzuri kuliko "prinsi", kwa kuwa nalo limeundwa kwa mwana na mfalme. Shida ni kwamba wasomaji wetu wamezoea kuliona kwa kila "prince" wa Ulaya. Radziwiłł, kwa mfano, walikuwa książę, ukoo wa makabaila wakubwa wa Lithuania, wala baba yao hakuwa mfalme. Ukitumia mwanamfalme kwa królewicz, usilitumie tena kwa książę katika makala hiyohiyo. Mimi huweka neno la Kipolandi mara ya kwanza na maelezo mafupi, kisha naendelea na mwanamfalme.

Swali: Jakub Sobieski alizaliwa Paris 1667, na baba yake akachaguliwa mfalme 1674. Kwa kipimo cha Hatua ya 2 si królewicz?

Jibu: Umegusa penyewe, ndugu. Jan Sobieski mwaka 1667 alikuwa marshali mkuu na jemadari, si mfalme. Baba alipochaguliwa, Jakub aliitwa królewicz na historia inamwita hivyo, kwa hiyo andika królewicz kuanzia 1674. Lakini wapinzani wake walishikilia kwamba hakuzaliwa na mfalme, na ndugu zake Aleksander wa 1677 na Konstanty wa 1680 walikuwa na sifa hiyo. Mama yao, Maria Kazimiera, naye aliwapendelea hao wadogo. Kwenye uchaguzi wa mwaka 1697, baada ya baba kufariki, Jakub hakupata taji. Dada yao Teresa Kunegunda alizaliwa Machi 1676, mwezi mmoja tu baada ya baba kutawazwa. Kwake hakuna ubishi.

Swali: Na Maria Leszczyńska? Baba yake alipinduliwa.

Jibu: Alizaliwa 1703, Stanisław Leszczyński akachaguliwa 1704, akapoteza kiti 1709. Baba hakuacha kujiita mfalme, na mkataba wa Vienna wa 1738 ulimwachia cheo. Kwa upande wa wafuasi wake Maria ni królewna. Hati za upande wa August II, mfalme mpinzani wake, hazitakupa neno hilo. Taja hati yako ni ya upande gani. Kuanzia 1725 ugumu unaisha: ni malkia wa Ufaransa, mke wa Louis XV.

Swali: Nimekuta "infantka". Ni Kihispania?

Jibu: Ndiyo, limetoka Hispania, na Polandi lina watu wawili wa kukumbukwa. Wa kwanza ni Anna, dada wa Zygmunt August, aliyejulikana kwa cheo hicho baada ya kaka yake kufariki 1572. Liliwaudhi makabaila kwa kuwa lilinukia urithi. Mwishowe walimchagua yeye mwenyewe, pamoja na Stefan Batory kama mume, na wakatawazwa 1576.

Wa pili ni Maria Augusta, binti wa Fryderyk August, elekta (mtawala mwenye kura ya kumchagua kaisari wa Ujerumani) wa Saksonia. Katiba ya 3 Mei 1791 ilibadilisha mfumo wote: kiti kikawa cha kurithi, na kifungu cha 7 kikamtangaza binti huyo kuwa infantka wa Polandi. Hakuwa amefikisha miaka tisa. Kifungu cha 10 kinasema wana wa mfalme waliowekewa kurithi ni watoto wa kwanza wa taifa. Huyo ndiye unayeweza kumwandikia "mrithi" kwa haki, ingawa baba yake hakuikubali taji hiyo, na mwaka 1795 nchi ikamalizwa kugawanywa na majirani.

Swali: Huku Muscat, mtoto wa sultani ni Sayyid. Naweza kulinganisha?

Jibu: Linganisha, lakini weka tofauti. Sayyid wa Al Said hufuata ukoo, kwa hiyo mjukuu na kitukuu nao ni Sayyid. Królewicz huishia kwa mtoto. Ndiyo sababu binti wa Jakub alihitaji neno lake.

Swali: Jadwiga aliitwa mfalme au malkia?

Jibu: Alitawazwa 16 Oktoba 1384 kuwa mfalme, kwa maana ya mwenye kutawala kwa haki yake. Kabla ya hapo ni królewna, binti wa Louis, mfalme wa Hungaria na Polandi.

Swali: Watoto wa nje ya ndoa wa August II, kama Maurice wa Saksonia, nao ni królewicz?

Jibu: Hapana, hata kama baba aliwatambua. Maurice na Anna Orzelska, binti mwingine wa August II wa nje ya ndoa, walipewa ukaunti, yaani cheo cha kikabaila (Graf kwa Kijerumani). Andika kaunti na kauntesi, na kwenye mti wa nasaba waunganishe na baba kwa mstari wa vitone.