Mlee mtafiti wa kike kwa kazi, si kwa maneno

Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Malindi na sehemu kubwa ya kazi yangu ni malaria. Hunijia mabinti waliomaliza shahada, wengine kutoka Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, wanatafuta pa kuanzia utafiti wa magonjwa ya kuambukiza. Hunijia pia wakubwa wenye miradi, wanauliza wawasaidieje mabinti hao. Ninachowaambia ni hiki: mpe kazi yenye jina lake, kisha msimamie anapoifanya. Kumtia moyo ni vizuri, lakini hakuna aliyepanda cheo kwa kutiwa moyo tu.

Anza kwa kutazama anafanya nini sasa. Chukua karatasi, andika kazi zote za mradi wako, na mbele ya kila kazi jina la anayeifanya. Mara nyingi utakuta binti ndiye anayeomba ridhaa, anayetoa damu watoto, anayejaza fomu, na mkutano ukiitishwa ndiye anayeandika kumbukumbu. Kijana waliyemaliza naye darasa moja yuko kwenye mashine ya PCR, ile inayotambua vimelea kwa vinasaba vyao, na kwenye uchanganuzi wa takwimu. Mradi ukifungwa, yule kijana ana makala na binti ana barua ya shukrani. Nimeliona hili likitokea kwa mabinti hodari na linaniuma. Usingoje mradi mwingine. Hamisha kazi moja wiki hii hii: mpe takwimu za kijiji kimoja azichanganue mwanzo hadi mwisho, na kijana naye aende akaombe ridhaa. Naye atajifunza mengi huko.

Kwangu mimi shule kubwa ni slaidi ya damu. Namfundisha kupaka tone nene na tone jembamba kwenye kioo kimoja, kulikausha lile nene bila kuliunguza, kutia rangi ya Giemsa, kisha kutazama kwa lenzi ya mara 100 yenye mafuta. Anahesabu vimelea huku akihesabu seli nyeupe za damu hadi 200. Vimelea vikiwa havijafika 100, anaendelea hadi seli nyeupe 500. Idadi ya vimelea inazidishwa kwa 8,000, yaani makadirio ya seli nyeupe katika mikrolita moja ya damu, na kugawanywa kwa seli nyeupe alizohesabu. Vimelea 120 kwa seli nyeupe 200 ni 4,800 kwa kila mikrolita ya damu. Na asithubutu kuandika kwamba slaidi haina kitu kabla hajapitia angalau maeneo 100 ya darubini.

Akishamudu, mfanye msomaji wa kwanza na wewe uwe wa pili. Utaratibu wenyewe unataka msomaji wa pili asione jibu la wa kwanza, kwa hiyo kila mtu aandike kwenye daftari lake, mfungue pamoja. Hesabu zenu zikipishana sana, slaidi inakwenda kwa msomaji wa tatu. Cheo chako hakiamui. Hapo ndipo utamwona binti akibadilika. Mara ya kwanza msomaji wa tatu anapokubaliana naye badala ya kukubaliana na wewe, mkao wake kwenye kiti unakuwa mwingine kabisa. Mwambie wazi mbele ya wenzake kwamba hesabu yake ndiyo iliyoingia kwenye ripoti.

Suala la majina kwenye makala lizungumzeni kabla sampuli ya kwanza haijachukuliwa, na mliandike. Majarida mengi ya tiba hayamhesabu mtu kuwa mwandishi kwa kukusanya data peke yake. Lazima pia ashiriki kuandika au kuisahihisha kazi, aikubali nakala ya mwisho, na awe tayari kuwajibika kwayo. Binti anakosa jina si kwa kuwa hakufanya kazi, bali kwa kuwa hakuna aliyemtumia rasimu. Mtumie. Mpe sehemu ya mbinu aiandike, kwa sababu yeye ndiye anayejua kilichofanyika kweli. Akiandika vibaya, usimwandikie upya usiku ukamrudishia asubuhi. Kaeni mezani mpitie sentensi kwa sentensi. Inachosha, najua.

Sasa nyumbani, na hapa walezi wengi wanakimbia. Ukitaka binti afanye kazi ya mbu, mitego ya taa huwekwa jioni na hutolewa alfajiri, maana mbu wa malaria huuma usiku. Huwezi kumpigia simu saa kumi na moja jioni ukamwambia gari linakuja. Nenda kwao mapema, piga hodi, amkia wazee, ukubali chai. Nakumbuka mama mmoja wa Mambrui alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: “Mwanangu, atarudi na nani?” Nikamjibu, “Mama, atakuwa na mwenzake wa kike, dereva ni huyu hapa umwone, na watalala kwa mwalimu wa kike pale kijijini, sio garini.” Akataka namba ya huyo mwalimu, nikampa, akampigia pale pale. Binti alikwenda. Kama huna jibu la swali lile, bado hujawa tayari kumpeleka mtoto wa mtu nyanjani, na mzazi anayekataa ana haki.

Ukiandika bajeti, weka nauli ya mwenzake na ya yaya kwa mwenye mtoto anayenyonya. Mikutano iwe asubuhi. Wakati wa Ramadhani mikutano hiyo ipunguzwe.

Usimpe swali lako tu alifanyie kazi, msikilize na la kwake. Mwaka 2004 homa ya chikungunya, inayoenezwa na mbu, ililipuka Lamu, na uchunguzi wa damu uliofuata ulionyesha kwamba karibu watu 3 kati ya 4 kisiwani walikuwa wameambukizwa. Kulikuwa na ukame, watu wameweka maji majumbani, na mbu aina ya Aedes aegypti huzaana kwenye maji ya namna hiyo na kuuma mchana. Nani anajua pipa lipi linafunikwa na lipi halifunikwi, na maji yamekaa siku ngapi? Wanawake wa nyumba ile. Na nani atakaribishwa mpaka uani kuyaona? Binti wa Lamu akija na swali kuhusu mitungi na mapipa, usimwambie hilo ni jambo la jikoni. Hilo ni swali la utafiti, na yeye ana njia ya kulijibu ambayo wewe huenda huna.

Mwonyeshe waliotangulia, tena wa karibu. Profesa Faith Osier, Mkenya, alifanya utafiti wa kinga ya malaria pale Kilifi, na mwaka 2019 akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza muungano wa kimataifa wa vyama vya wataalamu wa kinga ya mwili. Kilifi ni mwendo wa matatu kutoka hapa.

Ufadhili upo. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, limekuwa likiwasaidia wanawake wa nchi hizo kusomea uzamivu, na L'Oréal pamoja na UNESCO wana tuzo za wanawake wanasayansi tangu 1998. Mafunzo ya maadili ya utafiti wa tiba yapo bure mtandaoni, ayamalize mapema. Lakini maombi mengi huangukia kwenye barua ya mlezi. Barua inayosema “ni binti mwenye adabu, mchapakazi, anaelewana na watu” haimsaidii. Andika alichofanya: aliongoza usomaji wa slaidi za mradi mzima, aligundua kosa kwenye fomu ya umri, aliandika sehemu ya mbinu. Mwombe akupe orodha kisha uongeze uliyoyaona wewe.

Jambo la mwisho lifanye siku ya kwanza. Mtafutie mlezi wa pili, mwanamke ikiwezekana, asiyelipwa na mradi wako wala kukuogopa. Mpe binti namba yake, na mwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba mtu yeyote kazini akimsumbua, hata akiwa ni wewe, huyo ndiye wa kumpigia.