Namna ya kupima kama mradi wa urani ya juujuu unalipa

Mteja akiingia ofisini kwangu Industrial Area na kiroba cha mawe, neno lake huwa ni lile lile: "Injinia, haya madini yako juu tu, hata jembe linatosha." Ni kweli, urani iliyolala mita tano au kumi chini ni rahisi kuifikia. Lakini kufukua ndiyo kazi rahisi. Mimi hufuata mpangilio ufuatao, na miradi mingi huniishia hatua ya pili.

Hatua ya 1: Usiamini mlio wa mashine

Kipima mionzi cha mkononi hakiisikii urani yenyewe. Kinachosoma zaidi ni mionzi ya bismathi, kitukuu wa urani: urani ikioza huzaa radiamu, na baadaye bismathi. Kwenye mashapo ya juujuu, ambayo bado ni machanga kiumri, maji huweza kuihamisha urani na kuiacha radiamu nyuma. Mashine inalia hapa, mali ilishahama. Halafu kuna thoriamu, madini mengine yenye mionzi: panda Mrima Hill kule Kwale uone kipimo kinavyopanda, na sababu kubwa ni thoriamu, si urani.

Mimi mwenyewe niliwahi kumwandikia mteja makadirio kwa kutegemea mashine peke yake. Majibu ya maabara yalirudi na theluthi moja ya nilichoandika. Siku hizi nachimba mitaro, nachukua sampuli kila nusu mita kwenda chini, na maabara wanapima urani kwa kemia. Soma pia kichwa cha safu kwenye majibu yao. Ikiwa wameandika U (urani tupu) badala ya U3O8 (oksidi ya urani), zidisha kwa 1.179, kwa kuwa bei ya soko ni ya U3O8.

Hatua ya 2: Tone la asidi

Weka jiwe juu ya kigae, lidondoshee tone moja la asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Likitoa povu na mlio kama soda inayofunguliwa, lina chokaa, na hapo mahesabu yanabadilika.

Urani nyingi ya juujuu hukaa kwenye chokaa ngumu ya mabonde makavu, kama kwenye mgodi wa Langer Heinrich kule Namibia. Tuseme tani moja ya mawe ina asilimia 20 ya chokaa. Ukiichenjua kwa asidi ya salfuriki, hiyo chokaa peke yake itakunywa karibu kilo 196 za asidi kabla hujaona kitu, na unachotafuta ni gramu mia mbili hivi. Ndiyo maana mawe ya aina hii huchenjuliwa kwa magadi, yaani kabonati ya sodiamu, ile ile inayotoka Ziwa Magadi. Magadi hayashambuliani na chokaa, ila yanataka joto na subira, na vyote viwili ni pesa.

Hatua ya 3: Hesabu ya tani moja

Usianze na mamilioni ya tani. Chukua tani moja yenye gramu 200 za U3O8. Ukiokoa asilimia 80 unapata gramu 160, sawa na ratili 0.353. Kwa dola 70 kwa ratili, tani hiyo inaleta dola 24.7.

Sasa gharama, za mfano tu. Kila tani ya mawe ina tani mbili za kifusi juu yake, kwa hiyo unahamisha tatu: dola 7.5. Uchenjuaji, 12. Mishahara, ulinzi na usafiri, 3. Jumla 22.5, unabaki na dola 2.2. Bei ikishuka hadi 64 umebaki mikono mitupu. Na bei hii hushuka kweli: mwaka 2016 ratili iliwahi kuuzwa chini ya dola 20, na Januari 2024 ikavuka 100. Fanya hesabu kwa bei tatu, na uamue kwa ile ya chini.

Hatua ya 4: Maji

Uliza maji yatatoka wapi kabla hujauliza mtambo utakaa wapi. Mradi wa Trekkopje, Namibia, ulikuwa wa urani ya juujuu hasa. Walijenga kiwanda cha kusafisha maji ya bahari kwa ajili yake. Mwaka 2012 mradi ukasimamishwa, kiwanda cha maji kikaendelea kuuzia wengine.

Hatua ya 5: Ruhusa

Kwa Kenya, madini yenye mionzi ni ya kimkakati, kwa hiyo anza na Wizara ya Madini, si na mwenye shamba. NEMA, mamlaka ya mazingira, watataka tathmini ya mazingira, na mamlaka ya nyuklia, KNRA, ina lake pia. Mrabaha, yaani malipo kwa serikali kwa madini uliyouza, hugawanywa asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii, na hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Ukiweka hata asilimia 3, senti 74 zimetoka kwenye zile dola 2.2, na hapo bado hujanunua hata nondo moja ya mtambo.