SOMO: Kujenga zahanati ya kijiji kwa mikono yetu (someni lote kabla ya kunipigia simu)

Mwezi huu nimepigiwa na kamati nne, Kwale mpaka Kilifi, na swali ni lile lile: "Nyinyi mlianzaje?" Naeleza mpaka chakula kinapoa. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hapa.

Mimi ni mweka hazina wa kamati yetu, si mhandisi wala daktari. Kijiji chetu kiko Mombasa, ila si Mombasa ya pembe za ndovu na feri. Ni Kisauni ya ndani kabisa, ambako masika yakikaza bodaboda hazipiti, na mama mwenye uchungu alikuwa akibebwa juu ya kitanda cha kamba mpaka lami ndipo atafutiwe gari la kumpeleka Coast General, hospitali kubwa ya mjini.

Kwanza, jina. Kwenye kadi za mchango sote huandika "hospitali". Andikeni, watu watoe, lakini kamati ijue inajenga nini. Kenya vituo vina ngazi: ya 2 ni zahanati, ya 3 kituo cha afya, ya 4 ndiyo inayoanza kuitwa hospitali. Anzeni na ya 2 na muache nafasi ya kupanua. Wanaotaka chumba cha upasuaji siku ya kwanza huishia na msingi na nyasi.

Hatua ya 1. Kikao cha kijiji: imamu, mchungaji, mzee wa mtaa, na kina mama wawe nusu ya kamati, maana wao ndio watakaojifungua humo.

Hatua ya 2. Sajilini kikundi ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya vikundi ni ya 2022, msifuate fomu za zamani alizobaki nazo mjomba wenu.

Hatua ya 3. Akaunti ya benki, saini tatu, pesa za M-Pesa ziingie huko moja kwa moja, zisipitie simu ya mtu. Hesabu isomwe Ijumaa baada ya swala na Jumapili baada ya ibada, mpaka shilingi hamsini ya muuza mchicha itajwe.

Hatua ya 4: ARDHI. Hapa kaeni chini.

Mzee wetu mmoja, Mungu amrehemu, alisimama kikaoni akasema, "Nawapa pale penye minazi saba." Tukapiga makofi, tukasoma dua, mbuzi akachinjwa. Hati hakuna aliyeuliza. Ungeonekana huna adabu. Tukachimba, tukamwaga zege, kuta zikafika usawa wa madirisha. Siku hiyo akaja kijana na pikipiki, mkononi bahasha ya kaki, ndani barua ya wakili. Minazi ilikuwa ya mzee kweli, aliipanda babake. Ardhi iliyo chini ya minazi ilikuwa ya familia nyingine kabisa, inakaa mjini. Wapwani wenzangu mnajua: huku mtu ana nyumba bila ardhi, ana minazi bila shamba, analipa kodi ya kiwanja na babu zake wamezikwa papo hapo. Watu wa bara wakisikia hushangaa. Sisi tuliozaliwa nayo ndio tuliosahau kuuliza, na hundi ya simiti nilisaini mimi. Zaidi ya mwaka ulipotea. Kuta zile zipo hadi leo, watoto wanachezea kombolela. Sokoni kuna wanawake walikuwa wakiniona wananyamaza.

Kwa hivyo:
- Fanyeni upekuzi rasmi kwenye masjala ya ardhi, kwa namba ya kiwanja. Fotokopi ya hati si hati.
- Mtoaji asaini, mkewe asaini, na watoto waliokomaa wasaini. Aliyekasirika leo ndiye mlalamishi wa kesho.
- Mpimaji aweke bikoni (alama za mipaka) KABLA ya jembe la kwanza.
- Ardhi isibaki kwa jina la mtu, hata mwenyekiti. Sisi mara ya pili tulihamishia kaunti. Wengine huweka wakfu, na wakfu hauuzwi wala haurithiwi, lakini zungumzeni na kaunti mapema kama itakubali kuleta wafanyakazi hapo.
- Ambulensi iweze kuingia na kugeuka. Pimeni kwa gari, si kwa macho.

Hatua ya 5: Barua ya kaunti, kabla ya msingi. Katiba ya 2010 iliweka zahanati mikononi mwa kaunti. Manesi ni wao, dawa ni zao. Jengo bila nesi ni ghala. Ombeni kwa maandishi na msubiri jibu la maandishi. Ahadi ya jukwaani haina muhuri. Mwaka wa bajeti huanza Julai 1, kwa hivyo mkiamka Mei mmeshachelewa. Nendeni vikao vya maoni ya wananchi mapema, mjae.

Hatua ya 6. Ramani ya mchoraji aliyesajiliwa, kibali cha ujenzi, NEMA (mamlaka ya mazingira), mamlaka ya ujenzi, na afisa wa afya ya umma aione ramani ikiwa bado karatasi. Kwetu alikuta mlango wa chumba cha kujifungulia ni wa nyumba ya kawaida. Kitanda cha magurudumu kingekwama na mama juu yake. Tuliupanua kwenye karatasi hadi mita 1.2, kwa kifutio cha shilingi kumi.

Hatua ya 7. Kujenga. Msitumie mchanga wa ufuoni, wala msichanganye zege na maji ya kisima chenye chumvi. Chumvi hula nondo, nondo ikivimba zege hupasuka, na hamtaona mpaka miaka ipite. Zege limwagiliwe maji siku 7 angalau. Fundi akisema "huku joto linakausha vizuri", huyo ndiye wa kuangaliwa.

Hatua ya 8. Vyoo, tanuri la kuchomea taka, na shimo la kondo la nyuma lenye mfuniko, mbali na kisima. Kila kamati hulisahau shimo hili. Wanaume wengi kikaoni, ndiyo sababu.

Hatua ya 9. Usajili na leseni ya KMPDC (baraza la madaktari, ndilo linalosajili vituo vya afya), kisha SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Bila hivyo hakuna malipo yatakayoingia.

---

MASWALI

kibuyu_cha_asali: Shukran. Jumla iligharimu ngapi? Nipe bei tu nipeleke kwa kamati.

Mweka Hazina: Bei yetu haitakusaidia. Sisi tulijenga mara moja na nusu. Mpe ramani yako mkadiriaji wa gharama za ujenzi.

Mtu wa Mtwapa: Sisi tumepewa eneo na mzee tunayemwamini sana, hana tatizo. Tuanze tu?

Mweka Hazina: Hatua ya 4.

Mtu wa Mtwapa: Nimeisoma ila huyu wetu ni mcha Mungu.

Mweka Hazina: Na wetu alikuwa mcha Mungu. Hakudanganya hata neno moja, minazi ilikuwa yake. Fanyeni upekuzi.

jirani_mwema: Mwaka mzima umepotea na pesa ya umma, halafu leo unafundisha watu. Mlikula ngapi?

Mweka Hazina: Daftari liko ofisi ya chifu, lina kila risiti mpaka ya mbuzi. Njoo na kalamu, nitakulipia nauli ya matatu. Nimeandika kosa langu hapa kwa mkono wangu, hukulichimbua wewe.

Bi Mwanasha: Mwanangu, nasomea unesi mwaka wa pili, nyumbani ni Kwale. Jengo lenu linaelekea wapi? Zahanati ninayofanyia mazoezi ni tanuri mchana, na jokofu la chanjo halipumziki.

Mweka Hazina: Bi Mwanasha, Mungu akuzidishie, hili ndilo swali nililokuwa nalingoja. Urefu wa jengo uende mashariki hadi magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi zisizo na madirisha. Madirisha yatazamane, kusini na kaskazini: kusi likivuma linapenya, kaskazi likigeuka linapenya pia. Paa litokeze nje kama la nyumba za wazee wetu. Jokofu la chanjo linatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, basi lisiegemee ukuta wa magharibi, na lipewe umeme wa jua wa peke yake, lisigombane na taa. Na maji: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, hizo ni lita 2,000 zinamwagika mchangani kama hamna mifereji na tangi. Ukimaliza masomo tuambie, sisi tuna nesi mmoja tu.

Bi Mwanasha: Amin! Na popo? Kwetu wameingia darini, dari inanuka.

Mweka Hazina: Wavu wa chuma kwenye kila upenyo wa paa, ufungwe kabla dari haijapigiliwa misumari. Kama wameshahamia, ngojeni watoke jioni giza likiingia ndipo mzibe, msiwafungie ndani.

fundi_wa_jomvu: Ongeza: mwarubaini kwa kivuli sawa, ila usipandwe karibu na msingi. Nimeona mizizi yake ikiinua sakafu.

Mweka Hazina: Kweli, fundi. Wetu uko hatua kumi na tano kutoka mlangoni, chini yake pana benchi.

kibuyu_cha_asali: Siku za kazi ya pamoja mlikuwa mnawalisha nini watu? Kwetu wanakuja siku ya kwanza tu.

Mweka Hazina: Sasa umeuliza. Mahamri na mbaazi za nazi saa nne, si saa mbili. Ukiwalisha saa mbili, saa tatu wameondoka.