Fanya juu: kupima mstari shambani kwa fito tatu

Niliwahi kumwambia jirani yangu hapa Njoro kwamba udongo wake unawachafulia heroe Ziwa Nakuru. Akaniuliza, "Hao heroe wananilipia karo?" Tangu siku hiyo naanza na mahindi yake. Mvua ikipita tunashuka Mto Njoro kutazama maji. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, namwambia hiyo ni mbolea yako inaenda ziwani, na lile ziwa halina mto wa kutokea. Dawa yake ni fanya juu: mtaro unaokata mteremko kwa usawa, udongo wake ukitupwa juu uwe tuta la kuzuia maji. Mstari wake unapimwa hivi.

1. Funga fito mbili za mita mbili na moja fupi, zikae kama herufi A. Juu ning'iniza uzi wenye jiwe, upite mbele ya ufito wa kati.

2. Isimamishe, tia alama uzi unapogusa. Geuza miguu, kila mmoja ukanyage pale pa mwenzake, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Wengi huruka hapa. Mimi niliruka, nikaamini jicho. Mvua moja ya Aprili maji yakajaa kona ya chini, yakatoboa tuta na kuondoka na safu nne za mahindi.

3. Vuka shamba, usishuke. Uzi ukitulia katikati, piga kigingi, zungusha mguu wa nyuma uje mbele.

4. Fuata vigingi, chimba mtaro wa futi mbili kwa futi mbili, udongo utupe upande wa juu. Acha shubiri moja kati ya mtaro na tuta, udongo usije ukarudi mtaroni. Panda nyasi za nepia juu ya tuta siku hiyohiyo.

Kando ya mto usilime kabisa: sheria inataka uache angalau mita 6, na pengine hadi 30. Matete yaache, ndege hutaga humo.

Maswali

*Mwalimu, huku Muhoroni udongo ni mweusi, kiangazi unapasuka. Nichimbe?*
Usichimbe, mama. Mtaro utabomoka. Panda mkanda wa nyasi kwenye mstari uleule.

*Mikaratusi yangu iko mtoni. Niing'oe?*
Visiki viache, vimeshika ukingo. Kata kidogo kidogo, vunja machipukizi, huku ukipanda mianzi.

*Jirani wa juu hajachimba.*
Basi anzeni kwake. Mpelekee hiyo A, leo kwake, kesho kwako. Ukichimba wewe wa chini peke yako, tuta lako litabeba maji ya mashamba mawili.