Namna ya Kufunga Kazi Svalbard Kabla ya Kurudi

Siku za mwisho za kazi huko Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo kaskazini kabisa katika Aktiki, zisipangwe kwa kubanana, kwa kuwa ndege ndogo inayotoka Ny-Ålesund, kijiji cha utafiti, kwenda Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivyo, huweza kuahirishwa kwa sababu ya ukungu au upepo. Acha angalau siku moja ya akiba kabla ya ndege ya kwenda Oslo.

Anza na data: inakiliwe kwenye diski mbili zitakazosafiri katika mizigo tofauti. Kisha shughulikia vifaa, na hapa ndipo haraka huleta hasara kubwa. Kamera iliyoshinda kwenye baridi kali ikiingizwa moja kwa moja katika chumba chenye joto, mvuke uliomo hewani hugeuka matone juu ya lenzi na hata ndani ya saketi. Ifunge katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ukiwa bado nje, kisha uiache humo kwa saa kadhaa hadi ilingane na joto la chumba. Matone yatatanda juu ya plastiki, si juu ya kioo. Betri za akiba za lithiamu zikae katika mzigo wa mkononi.

Usiokote ukumbusho ufukweni. Msumari wenye kutu unaweza kuwa masalia ya kabla ya 1946, ambayo yote yanalindwa na sheria, na naona ulinzi huo ni wa haki kabisa.

Bunduki ya kujikinga na dubu irudishwe bila risasi, baada ya kazi ya mwisho nje ya makazi. Pasipoti iwe karibu: Svalbard haimo katika eneo la Schengen (nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikagui pasipoti kwenye mipaka kati yao), hivyo utakaguliwa uingiapo Norwei bara.