Kila Jioni Fungua Begi: Shule ya Msingi ya Ujerumani kwa Mzazi Mgeni

Wiki ya tatu tangu binti yangu aanze darasa la kwanza, tulifika shuleni saa mbili kasoro dakika kumi tukakuta geti limefungwa. Uwanja mtupu. Mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akatuambia leo walimu wako semina, watoto hawana masomo. Kurudi nyumbani nikamwaga begi mezani. Chini kabisa, limegandwa na ganda la ndizi, kulikuwa na tangazo la siku kumi na mbili nyuma, lenye kipande cha chini cha kukata, kusaini na kurudisha. Shule ilikuwa imeniambia. Mimi ndiye sikufungua begi.

Sisi tumezoea shule inayomchukua mtoto jumla: alfajiri mchakamchaka, kisha paredi, masomo, tuisheni, na jioni unampokea amechoka hoi. Shule ya msingi ya hapa, Grundschule, inakurudishia mtoto saa sita mchana pamoja na faili la plastiki liitwalo Postmappe, na nusu ya kazi imeandikwa humo, inakusubiri wewe. Kila jioni lifungue. Kama Kijerumani bado kinakupiga chenga, tafuta kwanza neno bis na tarehe inayofuata. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kurudisha. Ukiona unterrichtsfrei, siku hiyo hakuna masomo. Piga picha, tafsiri kwa simu, saini, rudisha kesho yake. Shule nyingi sasa zina programu ya simu pia, lakini karatasi haijafa.

Jambo moja la kujua mapema: Ujerumani ina majimbo 16 na kila jimbo linaendesha elimu yake. Mimi niko Nordrhein-Westfalen. Shoga yako aliyeko Bavaria akikuambia mambo tofauti, huenda wote wawili mko sahihi. Karibu kote shule ya msingi ni miaka 4, ila Berlin na Brandenburg ni 6.

Uandikishaji hufanyika karibu mwaka mzima kabla. Kwetu huku mtoto anayetimiza miaka 6 kufikia 30 Septemba lazima aanze mwaka huo, na kumfundisha nyumbani badala ya shule hakuruhusiwi. Kabla ya kuanza atapimwa na daktari wa idara ya afya: macho, masikio, mwendo, kuchora, kuongea. Nenda na kijitabu chake cha kliniki na kadi ya chanjo, maana tangu Machi 2020 sheria inataka uthibitisho wa chanjo ya surua. Kama mmehamia juzi na kadi ya nyumbani imepotea, mwone daktari wa watoto mapema, usingoje barua ya pili.

Siku ya kwanza ni sherehe. Mtoto hubeba Schultüte, koni kubwa ya karatasi ngumu iliyojaa peremende, penseli na zawadi ndogo. Usipuuze. Mtoto asiye nayo anaonekana kwenye kila picha. Begi la mgongoni ndilo litakalokutoa jasho: jipya linaweza kupita yuro 200. Nunua la mtumba, hakuna atakayekucheka. Na kama mnapokea Wohngeld (ruzuku ya kodi ya nyumba), Kinderzuschlag (nyongeza ya watoto kwa wazazi wa kipato kidogo) au msaada wa jobcenter (ofisi ya ajira), omba fungu la elimu, Bildung und Teilhabe. Mwaka 2024 lilitoa yuro 195 za vifaa, yaani 130 za Agosti na 65 za Februari, na linalipia pia chakula cha mchana na safari za darasa. Kuna wenzetu wanaona haya kuomba. Fomu haina haya.

Masomo huanza karibu saa mbili asubuhi, kipindi dakika 45, na mtoto wa darasa la kwanza anaweza kumaliza saa tano na nusu. Kwa anayefanya zamu hospitalini au ghalani, hapo ndipo shida ilipo. Malezi ya mchana huitwa OGS kwetu na Hort kwingineko. Hufika hadi saa kumi hivi, na maombi yake ni fomu nyingine kabisa. Kumwandikisha mtoto shule hakumpi nafasi ya mchana. Kuanzia Agosti 2026 wanaoingia darasa la kwanza wana haki ya kisheria ya kupata nafasi, na haki hiyo inapanda darasa moja kila mwaka. Hata hivyo jaza fomu siku ileile ya uandikishaji.

Ndani ya darasa kuna mwalimu mmoja, Klassenlehrerin, anayefundisha masomo mengi na mara nyingi kukaa na watoto haohao miaka yote minne. Meza zimepangwa kwa makundi. Jumatatu wanakaa duara kwenye viti, kila mmoja anasimulia wikendi yake. Halafu wanapewa mpango wa wiki, Wochenplan: kazi hizi zote ziishe Ijumaa, uanze na ipi ni juu yako. Nilipoingia siku ya kutembelea nilimwona mtoto amelala kifudifudi kwenye zulia akifanya hesabu, na mwalimu akamruka akaendelea na shughuli zake. Viboko vya darasa la tatu vilinirudia mgongoni nikajishika.

Tukiwa hapo kwenye viboko, niseme waziwazi. Tangu mwaka 2000 sheria inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, nyumbani pia. Mtoto akisimulia kwenye lile duara la Jumatatu kwamba alichapwa, mwalimu halichukulii kama hadithi, na ustawi wa watoto, Jugendamt, wanaweza kubisha hodi.

Kwenye kusoma, ujuzi wetu wa ba, be, bi, bo, bu unasaidia nusu tu. Wanajifunza sauti ya herufi, siyo jina lake. Binti yangu aliandika “Fata” akimaanisha Vater, baba, na mwalimu akamchorea nyota, kwa sababu mwanzoni baadhi ya walimu huwaacha waandike wanavyosikia. Mimi nikafuta nikasahihisha, nikafuta tena, mpaka akalia. Baadaye nilijifunza kuuliza kwanza mwalimu anafuata njia gani. Na usiache Kiswahili ukidhani unamsaidia. Kijerumani chako chenye makosa atakiiga kilivyo, ilhali mwenye lugha moja imara huipata ya pili vizuri zaidi.

Sasa alama. Moja ndiyo bora, sita ndiyo mbaya. Rafiki yetu wa Kisumu aliona 1 ya hesabu kwenye ripoti ya mwanawe akaanza kufoka kabla hajauliza. Hakuna kushika nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Miaka ya mwanzo ripoti ni maneno tu, bila alama. Soma maneno hayo kwa makini, kwani Mjerumani akiandika kwamba mtoto “anazidi kufanikiwa kuzingatia kanuni” anamaanisha bado anasumbua.

Kinachowaangusha watoto wetu wengi siyo hesabu, ni mkono. Kunyoosha mkono na kusema, mündliche Mitarbeit, kunahesabiwa kwa uzito mkubwa kwenye alama. Sisi tumemlea mtoto asidakie maneno ya wakubwa, asimkazie mwalimu macho, aseme akiulizwa. Nyumbani hiyo ni adabu. Hapa mwalimu anaandika kwamba mtoto hashiriki, au hajui. Binti yangu alipata barua ya namna hiyo akiwa anajua kila jibu. Hatukumgeuza tabia. Tulipatana na mwalimu: kila siku mkono mara mbili, na nyumbani nikaanza kumuuliza “Umesema nini leo?” badala ya “Umefundishwa nini?” Ilichukua miezi minne hivi.

Kikao cha wazazi, Elternabend, ni jioni, bila watoto. Nenda hata kama utaelewa robo. Ikifika kuchagua wawakilishi kila mtu huangalia kucha zake. Huo ni mchezo wao wa kawaida. Kujitolea kuleta mandazi kwenye sherehe ya kiangazi ni rahisi kuliko uwakilishi, na jina lako litajulikana.

Akiumwa, piga simu kabla ya masomo kuanza. Na tafadhali usikate tiketi ya Dar au Nairobi siku tatu kabla ya likizo kwa sababu ni nafuu. Hiyo ni utoro, ina faini, na Bavaria kuna wakati polisi wamekagua familia uwanja wa ndege. Msiba au harusi ya karibu unaombewa ruhusa kwa maandishi, mapema.

Kuogelea ni somo, kwa kawaida darasa la tatu. Mwenye rasta mnunulie kofia kubwa ya kuogelea. Wazazi Waislamu wajue mahakama kuu ya utawala ya Ujerumani, iliyoko Leipzig, iliamua Septemba 2013 kwamba msichana Mwislamu anaweza kutakiwa kushiriki akivaa burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili.

Halafu darasa la nne. Hakuna mtihani wa taifa kama wetu, lakini ndiyo njia panda: Gymnasium (ya kuelekea chuo kikuu), Realschule (ya kati), Gesamtschule (inayochanganya wote) na nyinginezo, mtoto akiwa na miaka kumi. Kwetu huku ripoti ya nusu mwaka hubeba pendekezo la mwalimu. Neno la mwisho ni la mzazi. Bavaria, Gymnasium inataka wastani wa 2.33 katika Kijerumani, hesabu na maarifa ya mazingira. Wengi wetu husikia habari hizi pendekezo likiwa limeshaandikwa. Uliza darasa la tatu, siku ya mazungumzo na mwalimu: mwanangu anaelekea wapi, na anapungukiwa nini ili afike? Miadi ni dakika kumi au kumi na tano, na wanaangalia saa kweli, hivyo andika maswali yako kwenye karatasi na uanze na hilo.